Sufuria Isiyoshika Bati

Mama alikuwa hali chakula. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani jua likizama, nimejitupia mtandio, viatu havijafungwa vizuri.

Uji ukifika mdomoni anageuza uso ukutani. Nilijaribu supu, nikajaribu viazi vya kuponda, nikajaribu hata kumgombeza. Daktari alisema hana ugonjwa mwingine zaidi ya huo wa kukataa chakula, na akiendelea hivyo nijiandae. Nijiandae! Kama vile mtu hujiandaa kumpoteza mama yake.

Jioni ile akafumbua macho, akasema, "Chakula chako kinanuka aluminiamu. Nipikie kwenye shaba."

Mama alipika hotelini maisha yake yote, kwenye masufuria mekundu yanayong'aa. Mimi sina hata kijiko cha shaba. Lakini mgonjwa wangu alikuwa ametamka neno "nipikie", basi nikatoka mbio.

Nilikwenda kwa fundi mmoja anayetia bati vyombo vya shaba, mwanamke wa rika langu, vidole vyeusi kwa masizi. Wanamwita Cheche kwa sababu ya moto wake, na kwa sababu ya mdomo wake.

"Umekuja nafunga, dada. Sema haraka."

"Nataka sufuria ya shaba. Nzuri."

"Nzuri ya kupikia au nzuri ya kuringia wageni?" Akaniwekea moja mkononi. "Nyepesi, siyo? Hiyo tia maua. Ya kupikia lazima ikuchoshe mkono." Akanionyesha nyingine kwa ndani. "Huu weupe ni bati. Ukiona wekundu unachungulia, niletee niipake upya. Ukiona ukijani, usichemshe hata maji, ni sumu. Na waya wa kusugulia uweke mbali. Ndimu na chumvi, taratibu, kama unaogesha mtoto."

Nilikuwa simsikilizi tena. Kwenye kona palikuwa na sufuria nene yenye masikio mawili, kama zile za mama kabisa. Ilikuwa imefudikizwa sakafuni, na juu yake pamewekwa jiwe.

"Ile pale," nikasema.

"Ile siyo ya kuuza."

"Kwa nini?"

Cheche akashusha sauti. "Haishiki bati. Naipasha moto, naisafisha, namimina bati, linateleza kama maji kwenye jani la mgomba. Marehemu baba aliniambia, bati halikai palipo na mwenyewe."

Nilicheka. Kisha, sijui ilikuwaje, nikalia. Machozi yangu yako karibu siku hizi. Nikamweleza habari za mama, na Cheche, pamoja na ukali wake wote, akaondoa jiwe.

"Nenda ukamwonyeshe tu. Akisema ndiyo hiyo, nitamtengenezea ya mfano wake. Usiipikie. Na, dada…" Akanishika mkono. "Ikibisha hodi, usiitikie. Hata kwa neno moja."

"Sufuria ibishe hodi?"

"Wewe nyamaza tu."

Nyumbani, mama aliipapasa sufuria ile kama anapapasa shavu la mtu. "Hii hii," akasema. Nikaichukua, nikaiweka kwenye meza ya jikoni, kisha nikafanya ujanja wangu. Nilikoroga uji kwenye aluminiamu, nikijiambia nitamdanganya kwamba nimeupika kwenye shaba. Mtoto kwa mzazi hakui, lakini kuongopa anaweza.

Uji ulikuwa umeanza kutokota.

Ngo. Ngo. Ngo.

Nikaenda kufungua mlango. Hapakuwa na mtu. Uchochoro ulikuwa mtupu, na mwanga wa mwisho umebaki juu ya mapaa.

Ngo. Ngo. Ngo.

Safari hii nyuma yangu… mezani.

Sufuria ilikuwa inatetemeka kidogo sana. Harufu ikajaa jikoni, ile harufu ya sarafu iliyokaa muda mrefu kwenye kiganja chenye jasho. Nikajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Kutoka chumbani, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa wiki nyingi, mama akafoka, "We binti! Mtu anabisha hodi nawe umenyamaza? Nani alikulea?"

Nilitaka kupiga kelele, mama nyamaza! Lakini je, hilo nalo si kuitikia? Nikakimbia kwake huku natikisa mikono na kichwa kama mwehu. Mama yangu hajawahi kumwacha mtu mlangoni, awe mdai, awe mlevi. Nilifika kwenye pazia wakati anafungua kinywa.

"Karibu! Pita ndani, mlango uko wazi."



Kitu kikanipita begani. Kilikuwa baridi. Pazia likainuka, likashuka. Kitanda kikalia kama kinavyolia mtu wa pili anapoketi, na mama akasogeza miguu yake kumpa nafasi.

"Keti, keti. Jisikie nyumbani." Kisha akanitazama mimi, macho makavu, yanang'aa. "Nina njaa."

Kwa wiki zote zile nilikuwa nimeomba kusikia maneno hayo mawili. Nilipoyasikia, nywele zilinisimama. Lakini ni mama yangu, naye anaomba chakula. Nilimletea sufuria nzima ya uji, nikamkabidhi mwiko, nikaona anameza, anameza tena. Nikaikwapua ile ya shaba na kurudi kwa Cheche bila hata kufunga mlango.

 Cheche alipuliza moto, akaipasha, akamimina bati, akapangusa kwa pamba.

Bati likashika. Likatanda ndani yote, jeupe, laini, bila doa. Sijaona kitu kizuri kama kile, lakini Cheche alirudi nyuma.

"Nani aliitikia?" akanong'ona.

"Mama."

"Walioileta hii walikuwa na mzee wao mgonjwa. Hali chakula, kama mama yako. Siku moja akaamka, akadai chakula, wakashangilia. Akala, akala… Alisema 'sasa nimeshiba', akajilaza. Hakuamka." Akaniangalia usoni. "Mgeni haagi na njaa, dada. Akishiba ndipo huondoka. Na kwao hakuondoka peke yake. Mama yako umemwachia chakula?"

 Nilikuwa nimeshafika barabarani.

Nilimkuta ameikumbatia sufuria, uji umemtapakaa hadi kidevuni, anakwangua chini. Kwenye mwiko palibaki funda la mwisho. Nikamnyang'anya. Mimi, mtoto wake wa kumzaa, nilimnyang'anya mama yangu chakula mkononi, na akanitazama kama mtoto aliyepigwa bila kosa.

"Unaninyima, mwanangu?"

Nilisema ndiyo.

Sasa namlisha mimi mwenyewe, kidogo kidogo, asife wala asishibe. Rangi imemrudi. Majirani wananipongeza, wanasema radhi za mzazi nimezipata. Hawasikii anavyonisihi nikifunga kabati la chakula kwa kufuli. Sijui kama ninamwokoa au ninamtesa. Silali, na nikilala nasikia anatafuna.

Jana alinishika mkono kwa upole. Hakuwa na hasira tena.

"Mgeni anataka kuaga, mwanangu. Ametuvumilia sana. Nipe nishibe, nimsindikize."

Nikampa kijiko kimoja. Nikafunga kufuli la kabati, nikaketi sakafuni nimeegemea mlango wake. Mama akaanza kulia, taratibu, kwa kwikwi.

Baadaye kidogo, kutoka upande wa pili wa kitanda, nikasikia mwingine naye anaanza kulia.