Klipu ya Tela

Tuk! Tuk-tuk! Prrr... paa!

Chini ya blanketi, Spana alicheka. Hakuhitaji kufumbua macho ili ajue nani amefika. Ni pikipiki ya Mwalimu wa Michezo tu iliyokohoa hivyo kila ilipozimwa, kama babu aliyepaliwa na chai. Jumamosi imeingia, na Watimua Vumbi wameanza kukusanyika uani.

Watimua Vumbi lilikuwa jina la kikundi cha wazazi wake na rafiki zao, wapenzi wa pikipiki za magurudumu manne. Siku za kazi walikuwa watu wazima wenye heshima zao: baba yake seremala, mama yake mshonaji, wengine walimu na madereva. Mwisho wa wiki uliwageuza watoto. Walipakia pikipiki zao kwenye tela, pikapu ya Baba ikalikokota hadi vilimani nje ya mji, na huko wakashinda wakipanda na kushuka, wakirudi jioni na vumbi hadi kwenye kope. Kila Alhamisi Mama alipanga safari kwenye meza ya jikoni kwa penseli na daftari: njia gani, nani abebe maji, nani abebe sanduku la huduma ya kwanza.

Spana alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alibandikwa na Watimua Vumbi kwa sababu aliweza kuitazama nati mara moja tu akasema, "Hiyo namba kumi na tatu," na kweli ikawa kumi na tatu. Tangu mwaka uliopita alikabidhiwa kazi ya kuunganisha tela na pikapu, na aliifanya kwa maringo. Alilitia sikio la tela, ile pete ya chuma ya mbele, kwenye kiungio cha pikapu, akashusha pini nene ya chuma tunduni, akaizuia kwa chini na klipu ndogo ili isiruke njiani, kisha akafunga mnyororo wa akiba. Hapo Baba, akiwa ameshakaa kwenye usukani, aliuliza kwa sauti:

"Pini?"

"Ipo!"

"Klipu?"

"Ipo!"

"Mnyororo?"

"Upo!"

"Na dereva?" alidakia Mwalimu wa Michezo, ambaye hakuacha siku ipite bila utani.

"Yupo," alijibu Mama, "ila akili yake imetangulia vilimani." Wote wakaangua kicheko.

Asubuhi hiyo Spana alikuwa ameshusha pini na klipu iko vidoleni, mara akamsikia mdogo wake, Kiroboto, akipiga kelele: "Nimewahi dirisha! Leo nimewahi mimi!"

"Thubutu! Wiki iliyopita ulikaa wewe!"

Aliitumbukiza klipu katika mfuko wa koti ili apate mikono miwili, akafunga mnyororo haraka haraka, akakimbia. Alikuwa bado anasukumana na Kiroboto kwenye kiti cha nyuma Baba alipouliza, "Klipu?" Mdomo wake ulijibu peke yake, kama ulivyozoea: "Ipo!"

Walipofika kwenye mteremko wa daraja, palisikika kishindo, kisha mkwaruzo wa chuma juu ya lami. Baba alikanyaga breki. Spana aligeuka nyuma, akaliona tela likienda zake. Mnyororo ulilishikilia kidogo, ukakatika. Tela lilivuka upande wa pili wa barabara, likampita kwa shubiri moja kijana aliyekuwa akiendesha baiskeli, likajitupa mtaroni. Kijana yule alikuwa amejirusha kwenye majani. Aliinuka akitetemeka, kiwiko kinavuja damu.

"Ningekuwa nimekufa!" alisema. "Jamani, ningekuwa nimekufa hivi hivi!"

Mama alimfunga jeraha. Mwalimu wa Michezo alisimama juu ya mtaro akiitazama pikipiki yake iliyolala kifudifudi, usukani umepinda. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Baba aliinama kwenye sikio la tela. Pini haikuwepo, na pale sikio lilipochomelewa palikuwa na ufa mrefu.

"Limepasuka hapa," alisema polepole. "Pini ikaruka."

"Kazi ya nani hiyo?" aliuliza Mwalimu, ingawa jibu alilijua. Sikio lile lilichomelewa na Fundi Cheche, rafiki wa Baba tangu utotoni. "Nilisema mimi! Yule mzee haoni tena. Anachomelea kwa kubahatisha!"

Spana alitia mkono mfukoni kutafuta kitambaa cha kufutia machozi. Vidole vyake vikagusa chuma chembamba, baridi, kilichopinda. Machozi yalikauka yenyewe. Alifungua mdomo, akamwona kijana mwenye kiwiko kilichofungwa, akamwona Baba, akaufunga.

Kuanzia siku hiyo hakuwa na raha. Klipu aliificha ndani ya soksi, na soksi nyuma ya kabati, lakini ni kama aliimeza. Chakula hakikupita. Darasani mwalimu alimwita mara mbili kabla hajasikia. Kila alipojiambia, "Nitasema leo," alijiona akinyang'anywa kazi yake mbele ya watu wote, naye Kiroboto akimcheka. Basi akajiambia, "Labda na ule ufa ulikuwepo. Labda si mimi." Maneno hayo yalimtuliza kwa muda wa kupiga mswaki tu.

Alhamisi Watimua Vumbi walikusanyika jikoni kama kawaida, lakini kwenye daftari la Mama hakukuandikwa njia yoyote.

"Sikio jipya litachomelewa kwa mtu mwingine," alisema Mwalimu wa Michezo. "Na Jumatatu nilimwambia mwalimu mkuu asimpe yule mzee kazi ya madawati ya shule. Je, dawati likimvunjikia mtoto?"

"Ni rafiki yangu," alisema Baba kwa sauti ndogo.

"Hata mimi nampenda. Lakini macho hayana urafiki."

Baba hakubisha. Spana, aliyekuwa akigawa vikombe, alimwagia meza chai.

Ijumaa baada ya shule Mama alimtuma kwa Fundi Cheche kurudisha msumeno. Karakana ilikuwa chumba kirefu cha mabati, chenye harufu ya chuma kilichoungua. Fundi alikuwa amevua kofia yake ya kuchomelea, ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Miguuni pake palikuwa na vipande vya chuma zaidi ya ishirini, vimeunganishwa viwili viwili. Alishika kimoja, akakipiga kwa nyundo. Hakikuvunjika. Akapiga tena, tena, hadi jasho likamtoka. Hakikuvunjika.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Spana wangu. Njoo, njoo unisaidie na macho yako ya kitoto." Alimpa kipande kile. "Angalia hapo kwenye mshono. Unaona tundu? Unaona ufa?"

"Sioni, Fundi. Ni mzuri."

"Hata mimi naona mzuri. Na ndiyo hatari yenyewe. Hata lile sikio la tela niliona zuri." Alifuta uso kwa kiganja. "Mtu anaweza kupofuka asijue, mwanangu. Nimekaa hapa siku sita nikitafuta kosa langu silioni. Yule kijana wa baiskeli alikuja kunionyesha kiwiko chake. Usiku sipati usingizi kwa ajili ya kiwiko kile. Kesho mpwa wangu anakuja kuichukua mashine ya kuchomelea. Mimi basi. Nitafuga kuku."

Alijaribu kucheka. Kicheko kilikataa.

Spana aliuweka msumeno chini. Aliitazama mikono ile yenye makovu ya cheche, mikono iliyomfundisha kutofautisha nati na bolti alipokuwa na miaka mitano. Safari hii hakuufunga mdomo.

"Fundi, macho yako hayana neno. Ni mimi. Klipu sikuiweka. Ilikuwa mfukoni mwangu. Baba aliuliza, nikasema ipo."

Fundi aliiweka nyundo chini.

"Sema tena."

Alisema tena, akilia, na habari ya dirisha, na ya soksi nyuma ya kabati. Fundi Cheche hakumkumbatia wala hakumwambia usijali. Alisimama, akaenda hadi mlangoni, akampa mgongo.

"Basi pini ilichomoka yenyewe," alisema, kama anayejisemesha. "Sikio likaanguka likagonga lami, ndipo likapasuka. Ufa ulikuja baadaye." Aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Siku sita, Spana! Siku sita najiita kipofu, na wewe unapita hapo nje ukienda shule unanipungia mkono!"

"Nisamehe, Fundi."

"Sijui. Ngoja hasira ipungue kwanza. Lakini kesho asubuhi utasema mbele ya Watimua Vumbi wote. Sitakusemea mimi, wala baba yako hatakusemea."

Kesho yake uani palikuwa kimya. Spana alikuwa ameshawaambia Baba na Mama usiku wa jana, na Mama alikuwa amempigia simu kila mwanachama aje. Fundi Cheche alisimama kando ya tela, mikono kifuani. Kiroboto alikaa kwenye ngazi, na ajabu ni kwamba hakucheka.

Spana aliinua kiganja chenye klipu. Alisema yote, mwanzo hadi mwisho, bila kumtaja Kiroboto wala kisingizio chochote.

Mwalimu wa Michezo aliivua kofia yake. Alimtazama Fundi, akatazama chini. "Mzee wangu, nimekutangaza mji mzima kwa kosa lisilo lako. Nimeaibika."

"Si wewe peke yako," alisema Baba. "Mimi ni dereva. Niliuliza nikiwa nimekaa, nikaona uvivu kushuka nikatazame. Kumpa mtoto kazi si kumtupia na dhamana yangu. Na rafiki yangu aliposemwa, nilinyamaza. Kosa la yule kijana kuumia ni langu pia, na leo hii nitakwenda kwake."

Fundi Cheche aliichukua klipu, akaigeuza geuza. Alipoanza kusema, alisema na Spana tu, lakini wote walisikia.

"Kusahau si dhambi, mwanangu. Hata mimi nimewahi kusahau kofia nikaunguza nyusi. Ungesema palepale mtaroni, tungekugombeza, nikachomelea ufa, mambo yakaisha. 'Ipo' ni neno la herufi tatu tu. Ulipolinyamazia, halikubaki dogo. Lilitoka hapa likaingia karakana kwangu, likaenda shuleni, likamfikia hata mpwa wangu. Kosa la mikono huweza kurekebishwa na mikono. Kosa unaloliacha limwangukie mwingine linataka miguu: lazima ulifuate kila lilikofika, mlango kwa mlango, ulirudishe. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Haya. Mashine yangu haiondoki, nimeshamwambia mpwa. Tela nitalitengeneza leo, mchana kweupe, kila mtu aone. Lakini madawati bado. Mwalimu mkuu bado anaamini kwamba mimi ni mzee kipofu."

"Mimi nitamweleza," alisema Mwalimu wa Michezo upesi. "Nilianza mimi, Jumatatu nitamaliza."

Spana alimfikiria mwalimu mkuu: ofisi yake yenye pazia zito, miwani yake puani, jinsi wanafunzi walivyopita mlango ule wakinyata hata wasipokuwa na kosa. Alimsogelea Fundi hadi akanusa chuma kwenye ovaroli yake, akainua uso akamtazama machoni.

"Mwalimu asiende peke yake," alisema. "Nakuahidi, Fundi, mbele ya hawa wote: Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, nitabisha hodi kwa mwalimu mkuu, nitamwambia mimi mwenyewe."