Kadi Kubwa Kuliko Kompyuta

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kunywa chai, Tumpe alifagia uwanja kisha akafuta vumbi kwenye meza ya kompyuta ya baba yake. Walikaa Uyole, jijini Mbeya, na wakati wa kiangazi vumbi la huko huingia ndani hata madirisha yakiwa yamefungwa. Baba yake, Isakwisa, alikuwa mpiga video za harusi. Alirekodi kwa kamera, kisha akazikata na kuziunga picha zake kwenye kompyuta hiyo iliyokaa sebuleni.

Kazi ya baba ilipokwisha, Tumpe aliruhusiwa kucheza gemu la mbio za magari pamoja na Esther, rafiki yake wa nyumba ya jirani. Shida ni kwamba kompyuta ile haikuwa na kadi ya grafiksi, kile kifaa kinachoipa kompyuta nguvu ya kuchora picha. Magari yaliganda katikati ya kona na miti ilionekana kama ukungu. Baba alikuwa ameahidi kununua kadi, kwa kuwa ingemfaa hata yeye kazini. Lakini alisema wataichagua pamoja atakaporudi kutoka Idodi, mkoani Iringa, alikokwenda kurekodi harusi. Kwanza, alisema, lazima waangalie kompyuta yao inaweza kubeba kadi ya namna gani.

Tumpe hakuona sababu ya kusubiri. Sosthenes, kaka yake Esther aliyekuwa akisoma chuo Iringa mjini, alikuwa amemwachia mdogo wake kadi yake ya zamani. Ilikuwa nzito kama tofali na ilikuwa na feni tatu. Esther alisema hajawahi kuona kadi kubwa kama ile. Kwa Tumpe, hilo lilitosha.

Jumamosi moja, baba akiwa bado Idodi, mama alipokwenda sokoni na Anania, mdogo wake Tumpe, wasichana wale walifungua boksi la kompyuta. Kadi iliingia kwa shida, hadi wakasukuma waya kadhaa pembeni. Halafu wakagundua kwamba ilihitaji umeme wa ziada, na nafasi ya kuuchomeka haikuwepo. Esther alipekua katoni ya kaka yake, akatoa kiunganishi cha waya, wakaunga. Tumpe alisita alipoona jinsi waya ule ulivyokuwa mwembamba, lakini mwenzake alikuwa ameshaanza kukaza skrubu.

Picha ilitoka, tena nzuri kuliko walivyotarajia. Nyasi za kando ya barabara zilionekana moja moja, na matone ya mvua yalitiririka kwenye kioo cha gari. Walicheza huku wakicheka. Baada ya muda Tumpe alisikia harufu ya plastiki inayoungua, akadhani inatoka nje. Mara kitu kikapasuka ndani ya boksi, kioo cha kompyuta kikawa cheusi, na moshi mwembamba ukapanda nyuma ya meza.

Tumpe alichomoa waya ukutani. Waliitoa kadi ikiwa bado ya moto, wakarudisha mfuniko, wakafungua madirisha yote. Esther aliichukua kadi yake, akaondoka bila kuaga. Tumpe alibaki amesimama sebuleni.

Mama aliporudi aliuliza ni harufu gani ile. Tumpe alijibu kwamba kuna watu walikuwa wanachoma takataka. Mama akaenda jikoni na vitu alivyonunua.

Jioni, mama akiwa anakanda unga, simu yake iliita. Alimwambia Tumpe apokee. Aliyepiga alikuwa Sayi, binti anayeishi kijijini Madibira ambaye baba alimrekodia harusi yake mwezi uliopita. Katika harusi ile babu yake, mzee Maganga, alisimama akatoa maneno ya baraka, na siku chache baadaye akafariki.

"Mdogo wangu, baba yako hapatikani," Sayi alisema. "Ndugu zetu wanakuja kutoka Shinyanga kumaliza msiba. Hawakuwahi kumwona babu mwaka huu, wanataka wamsikie. Baba yako aliniambia nisiwe na wasiwasi, video iko kwenye kompyuta."

Alijua kwamba baba alikuwa amefuta kadi za kumbukumbu za kamera ili azitumie Idodi. Sauti ya mzee yule haikuwa mahali pengine popote.

"Ndiyo, dada," alijibu. "Iko."

Usiku ule hakula vizuri. Kesho yake, walipotoka kanisani, aliingia sebuleni akamkuta Anania amepiga magoti chini ya meza, ameshika plagi ya kompyuta, anataka kuichomeka ili aangalie katuni. Tumpe alimrukia, akamvuta kwa nguvu hadi mtoto akaangukia kiwiko na kulia. Mama alikuja mbio. Tumpe alisema Anania anachezea vitu vya baba. Mama akamkaripia Anania na kumpeleka chumbani, huku mtoto akirudia kwamba hakufanya chochote. Tumpe aliyasikia maneno yale kupitia mlango. Alitaka kusema, lakini akaisukuma plagi nyuma ya meza.

Baba alirudi Jumatatu alasiri, amechoka, viatu vimejaa vumbi la Idodi. Hata kabla ya kunawa alisema Sayi amempigia njiani na anaihitaji video yake upesi. Alivuta kiti, akachomeka plagi ukutani, akanyoosha kidole kwenye kitufe.

Tumpe aliuona ule moshi tena akilini, safari hii ukimfunika baba yake.

"Baba, usiwashe."

Baba aligeuka. "Kwa nini?"

"Imeungua. Ni mimi niliyeiunguza."

Baba alichomoa plagi kwanza. Kisha alikaa, akamwambia aeleze mwanzo hadi mwisho. Tumpe alieleza yote, pamoja na uongo aliomwambia mama, aliomwambia Sayi, na jinsi Anania alivyokaripiwa bure. Baba hakupaza sauti. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na alipoinuka alisema neno moja tu: "Twende."

Walibeba boksi hadi Mwanjelwa, kwa fundi Pendo, mwanamke aliyemtengenezea baba vifaa vyake miaka yote. Fundi alifungua mfuniko, akawaonyesha pawasaplai, sehemu inayogawa umeme ndani ya kompyuta. Ilikuwa imeungua. Waya za karibu zilikuwa zimeyeyuka plastiki yake na shaba inaonekana. Alisema pawasaplai ile ilikuwa ndogo, na kadi ilidai umeme mwingi kuliko uwezo wake. Kama ingewashwa tena, moto ungeweza kushika, au mtu angeweza kurushwa na umeme.

Baba alimwuliza kuhusu diski, mahali video zinapohifadhiwa. Fundi alisema hajui mpaka aijaribu. Aliitoa, akaiunganisha kwenye kompyuta yake. Taa ndogo iliwaka, ikazima, ikawaka. Tumpe alifumba macho, akashika pindo la koti la baba yake.

Halafu akasikia sauti ya mzee, nzito na ya polepole: "Sayi, mjukuu wangu, usiache kucheka nyumbani kwako."

Tumpe alilia palepale dukani. Baba alipompigia Sayi, Tumpe aliomba simu, akamwambia mwenyewe kwamba siku ile hakumwambia kweli. Sayi alisema anashukuru kuambiwa. Nyumbani Tumpe alimwomba mama msamaha, halafu akapiga magoti mbele ya Anania akamwomba na yeye.

Alikatazwa gemu kwa muda mrefu. Pawasaplai mpya ilipofungwa, baba alimchukua tena kwa fundi Pendo kuchagua kadi, na akamwachia yeye aulize maswali. Tumpe aliuliza kioo cha kompyuta yao kinaonyesha picha ya ukubwa gani. Kilikuwa cha HD ya kawaida, yaani si cha picha kali sana, kwa hiyo hawakuhitaji kadi ya vioo vikubwa zaidi. Aliuliza pawasaplai inatoa umeme kiasi gani, na boksi lina nafasi ya urefu gani. Mwishowe walichagua kadi fupi ya feni moja, isiyohitaji waya wa ziada. Fundi alipoijaribu palepale, magari yalikata kona bila kuganda.

Walipokuwa wakirudi, baba alisema, "Mwanangu, kuchagua kitu ni kujua kwanza ulichonacho kinaweza kubeba nini. Hilo umejifunza, na kila mtu hukosea kabla ya kulijua. Lakini kosa lako kubwa halikuwa kadi. Kadi iliunguza kompyuta. Ukimya wako ungeweza kumuua mdogo wako, au mimi. Siku nyingine ukiogopa, njoo useme hivyohivyo ukiwa unaogopa."

Tumpe aliitikia, "Ndiyo, baba," na safari hii ndiyo yake ilikuwa ya kweli.