Pumzi Nyuma ya Dereva

Jua lilikuwa linazama Hezroni alipopanda Landrova yake kwenda Ipinda kumchukua binti yake. Safari fupi tu. Tumaini alikuwa na mimba ya kwanza, miezi imetimia, na kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa binti.

Aligusa swichi mara moja, injini ikaitika. Watu waliokuwa wakitoka mashambani, kule kijijini kwetu upande wa Ikolo, wakasimama kando ya njia kumpisha.

"Ndaga, Baba Tumaini," wakasema. Wote wanatabasamu.

Kwa lugha yetu ndaga ni asante, ni salamu, ni pole. Yeye alichukua ile iliyomfaa, akapunga mkono, akapita.

Maana ile Landrova, jamani, ilikuwa yao. Enzi za ujamaa kila nyumba ilitoa mpunga, ukauzwa, ikanunuliwa. Ilibeba mbolea, ilibeba kwaya, lakini hasa ilibeba wajawazito kwenda hospitali Kyela, wamelazwa nyuma juu ya majani ya mgomba. Siku moja ikazima, haikuwaka tena. Ikawekwa juu ya mawe nyuma ya ofisi ya kijiji, kuku wakawa wanatagia ndani. Ilipofika miaka ya ruksa, kila mtu anauza na kila mtu ananunua, kijiji kikamwita Hezroni aipime, kwa sababu ndiye fundi wa magari waliyemzaa wenyewe.

Hezroni akafungua boneti, akachungulia. Kilichokufa kilikuwa diafram ya pampu ya mafuta, kijimpira kinachoenea kiganjani. Akafuta mikono kwa tambara, akatikisa kichwa.

"Injini imepasuka," akasema. "Hiki ni chuma chakavu."

Kisha akakinunua hicho chuma chakavu yeye mwenyewe!

Na tusimpunje, mkono anao. Aliikwangua kutu mpaka ikabaki chuma tupu, akaipiga msasa, akachomelea chesi palipooza. Turubai la nyuma akalitupa, akaweka paa la bati. Mabenchi ya mbao akayang'oa, na ndoano za kufungia machela akazikata kwa msumeno, akaweka viti vya sponji vyenye vitambaa vyekundu, pazia dirishani, redio ya kaseti. Kijani cha kijiji kikafunikwa na rangi ya maziwa. Alitaka gari la kwendea sokoni Kyela na kanisani Jumapili kama mtu aliyefanikiwa, na akalipata.

Siku zile anaipaka rangi ndipo Andrea alipomjia mbio jioni, anahema. Mkewe, Kisa, uchungu ulikuwa umemshika tangu asubuhi na mtoto hatoki.

"Tata, baba yangu, nisaidie gari."

Hezroni alilitazama gari lake linavyong'aa. Akavitazama vile viti vyekundu.

"Rangi haijakauka, Andrea. Nikilitoa sasa vumbi litaniharibia kazi yote."

Andrea akamfunga Kisa kwenye karia ya baiskeli. Hawakufika Kyela. Alirudi naye asubuhi, yeye na mtoto aliye tumboni, na kijiji kizima kikatoka kuwapokea. Hezroni naye alikwenda msibani. Alikwenda kwa gari.

Hakuna aliyemgombeza, hata mmoja. Wangemtukana, afadhali. Wangemvunjia vioo, afadhali zaidi.

Basi jioni hiyo, wakirudi kutoka Ipinda, Tumaini amekaa mbele kando ya baba yake, akasema, "Baba, funga dirisha."

"Limefungwa."

"Nasikia baridi."

Baridi Kyela? Msimu ule mtu analala bila shuka na bado anatoka jasho. Hezroni alitaka kucheka. Akakuta mkono wake mwenyewe kwenye usukani umesisimka vinyweleo.

Walikuwa wanapita kati ya majaruba ya mpunga, vyura wanapiga kelele. Mara vyura wakanyamaza.

Kisha akaisikia springi.

Fundi hawezi kuikosea. Springi ya nyuma, upande wa kushoto, ililia na kushuka, vile inavyoshuka mtu anapopanda. Ikatulia. Ikashuka tena. Akapanda mwingine... na mwingine... Taa za mbele zikainuka juu, zikamulika vichwa vya migomba, kama zinavyofanya gari likijaa nyuma. Usukani ukawa mwepesi mikononi mwake.

Gari halikuwa limesimama. Nani anapanda gari linalokwenda?

Ikaja harufu. Majani ya mgomba yaliyolowa. Na damu.

"Baba," Tumaini akanong'ona, bila kugeuza shingo. "Umebeba watu nyuma?"

"Sijabeba mtu."

"Mbona wanahema?"

Na kweli walikuwa wanahema, wengi, taratibu, wote kwa pamoja. Katikati yao mmoja alihema kwa kasi, kwa kukatakata, kama mwanamke anayesukuma. Kioo cha mbele kikafunga ukungu kwa ndani. Hezroni akafuta kwa kiganja, ukungu ukarudi. Akafuta, ukarudi.

Akakanyaga breki, akashuka na tochi, akafungua mlango wa nyuma.

Hapakuwa na mtu.

Lakini vile viti vyekundu vilikuwa vimebonyea, kimoja baada ya kingine, mpaka mwisho. Na alipokuwa akitazama, mdomo wazi, kimoja kikabonyea zaidi, kama aliyekikalia amejisogeza kumpa nafasi.

Aliendesha mpaka nyumbani meno yakimgongana, binti yake analia kimyakimya kando yake.

Mkewe, Anyisile, alisikiliza yote, akavuta khanga kifuani.

"Hao si mizimu, mume wangu. Hizo ni pumzi za watu. Mbepo sya bandu. Wewe umekulia mjini kwenye magereji, ndiyo maana umesahau."

Alikuwa hajasahau. Kwetu, aliyewakosea wengi hahitaji kurogwa kwa dawa. Watu wananung'unika tu, kila mmoja jikoni kwake, na pumzi zao zinapoa, zinaungana, zinamwendea. Haziendi kwake peke yake. Zinamfuata aliye dhaifu nyumbani mwake. Na nyumbani mwa Hezroni aliye dhaifu alikuwa ni nani, kama si yule mwenye tumbo?

"Waite," Anyisile akasema. "Walishe. Mwenye kinyongo akiseme mbele za watu, apige funda la maji, ateme chini. Wakitema, mwanangu atajifungua salama. Waite kabla siku haijafika."

Hezroni akachinja ng'ombe. Watu wakaja mchana, wakakaa kwenye mikeka, wakala wali na nyama, wakasifu upishi. Mzee Asajile, aliye mkubwa kuliko wote, akapewa kata ya maji ili aanze. Hezroni akasimama katikati, jasho linamtiririka mgongoni.

"Wazee wangu, ndugu zangu," akasema, "kama kuna niliyemkwaza, aseme."

Kama kuna. Mtu mzima na akili zake anasema kama kuna!

Mzee Asajile alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa anangoja. Wote walikuwa wanangoja, mimi nawaambia, siku ile ndimi zilikuwa zimelainika, na laiti angelisema neno moja tu la kweli... Hakusema. Akachezea vidole vyake.

"Mimi sina neno nawe, Baba Tumaini," Mzee Asajile akasema. Akapiga funda. Halafu, polepole, kila mtu akiona koo lake la kizee linavyopanda na kushuka, akameza.

Anyisile akaguna kama aliyechomwa mwiba.

Kata ikaenda kwa wa pili. "Sina neno." Akameza. Wa tatu, sina neno, akameza. Ikazunguka mikeka yote, wanaume kwa wanawake, wanatabasamu, wanameza, mpaka ikafika kwa Andrea aliyekaa pembeni kabisa. Andrea hata hakuipokea. Alinyanyuka, akakung'uta suruali.

"Ndaga fijo, tata. Chakula kilikuwa kitamu."

Uchungu ulimshika Tumaini kesho yake, jua likizama. Kufikia giza alikuwa hajiwezi, na mkunga wa kijiji akasema hapa si pake, mpelekeni Kyela haraka. Hezroni akarudisha gari kinyumenyume mpaka mlangoni. Liliwaka vizuri. Injini tamu, haina hata kikohozi.

Akafungua mlango wa nyuma, Anyisile akamshika binti yake kwapani wampandishe.

Tumaini akaweka mguu kwenye ngazi. Akatazama ndani. Akaurudisha mguu chini.

"Limejaa, Baba."

"Panda, mwanangu."

"Limejaa!" akapiga kelele. "Hamuoni? Nitakaa wapi? Yule amelala kabisa, amechukua nafasi yote!"

Springi zote mbili zikalia kwa pamoja, na bodi ikashuka mpaka ikagusa matairi. Baridi ikawatokea mlangoni, ikawapiga usoni.

Hezroni alizima injini. Akasimama pale na funguo mkononi, akaona kijiji chote kimefunga milango na taa zimepunguzwa. Akaanza kukimbia.

Andrea alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, gizani, kama mtu anayemngoja mgeni. Baiskeli imeegemezwa ukutani. Hezroni akapiga magoti kwenye vumbi, yeye na umri wake, mbele ya kijana.

"Andrea. Injini ilikuwa nzima. Niliwadanganya."

Andrea akaitazama baiskeli, Hezroni akaendelea.

"Na siku ile ya Kisa..." Akaanza upya. "Rangi ilikuwa imekauka. Ilikauka tangu juzi yake. Sikutaka damu kwenye viti vyangu."

Andrea akainuka. Aliingia ndani. Hezroni akasikia kata ikigonga mtungi. Andrea akatoka, mashavu yake yamejaa, midomo ameibana. Funda la maji. Hakulitema. Hakulimeza. Alichukua baiskeli, akaanza kuisukuma kwenda nyumbani kwa Hezroni.

Wakamfunga Tumaini kwenye karia kwa khanga za mama yake. Andrea akashika usukani, Hezroni akamshikilia binti yake mgongoni, Anyisile akatangulia na kandili. Njia nzima Andrea hakufungua mdomo. Palipo na matope alisukuma kwa kifua. Tumaini alipolia, aliongeza mwendo. Na Hezroni nyuma yake alitega masikio, hasikilizi kilio cha mwanawe tena, anasikiliza mdomo wa mwenzake tu. Teme. Teme, Andrea. Nakuomba, teme.

Mara moja akasikia kitu. Palikuwa na daraja la magogo, baiskeli ikaruka, Tumaini akapiga ukelele, na ndani ya ukelele ule kitu kikalia, kidogo, chepesi. Ama funda lilidondoka majini. Ama koo lilimeza.

Walipofika hospitali, manesi wakampokea Tumaini. Hezroni akamgeukia Andrea chini ya taa. Mashavu yalikuwa yamenywea. Mdomo mkavu.

"Ulitema?" akanong'ona.

Andrea alifungua zile khanga kwenye karia, akazikunja vizuri, akamkabidhi Anyisile. Akageuza baiskeli.

"Andrea! Ulitema?"

"Usiku mwema, tata."

Tumaini alijifungua kabla ya alfajiri. Mtoto wa kike, mzima, mwenye nguvu, na mama yake mzima. Watu walikuja kuona, wakaleta ndizi na maziwa, wakasema ndaga, wakatabasamu vilevile. Hezroni alilirudisha gari kwa kijiji, funguo akampa Mzee Asajile mkononi, na akaomba radhi kanisani mbele ya wote, kwa maneno yote, bila ile kama kuna. Wakamwitikia vizuri. Andrea alikuwa benchi la nyuma. Naye aliitikia.

Siku hizi ukipita pale jioni utamwona Hezroni amekaa kwenye mkeka na mjukuu wake mapajani. Mtoto anacheka, anamvuta ndevu. Yeye hachezi naye. Ameinamisha sikio mpaka mdomoni mwa mtoto, anasikiliza anavyovuta pumzi, na ikitoka, anangoja aivute nyingine.