Fonti Mbili za Jina Moja

Kila Jumamosi Nyamal alichota maji, akaosha vyombo, kisha akakaa karibu na mama yake, Nyagoa, aliyekuwa akipanga kitabu cha nyimbo za Kinuer kwa kompyuta ya kanisa katika kambi ya Kakuma. Kwa miezi saba mama alipanga wimbo mmoja mmoja, na hakuiwasha mashine kabla ya kusali. Wimbo wa arobaini na moja ulikuwa umetungwa na marehemu baba.

Jumamosi hii walikuwa wameipeleka kompyuta hiyo mjini Lodwar, kwa mpiga chapa Kipngeno. Kitabu kilitakiwa kanisani wiki iliyofuata. Kipngeno alichapa ukurasa wa kujaribu, akautazama, akampa mama. Mahali pa herufi nyingi za Kinuer palikuwa na visanduku vitupu. Jina la baba lilikuwa na viwili.

Mama alipangusa kompyuta kwa leso, kana kwamba ni vumbi. Alisema labda yeye ndiye aliyekosea, kwani shule aliiachia darasa la sita, na baadhi ya wazee wa kanisa walikwishasema kazi hii apewe msomi. Kipngeno alifungua kurasa nyingine tano. Zote zilikuwa vile vile.

"Mama Nyamal, sioni kosa lilipo. Huenda tukaanza upya."

Juma lililopita, mama alipokwenda mazishini, Nyamal alikuwa ameweka fonti, yaani mtindo wa maandishi, kwenye kompyuta kutoka flashi ya rafiki yake Jebet, ili tangazo la timu yao ya mpira lipendeze. Alikuwa amekatazwa kuongeza chochote. Sasa alimtazama mama akiukunja ule ukurasa polepole, jina la baba likiwa ndani.

"Ni mimi," alisema. "Niliweka fonti. Ina jina lile lile la hii ya nyimbo."

"Na umeniacha nikikuna kichwa tangu asubuhi, bosi?" Kipngeno aliguna. Akaeleza kwamba programu ya kupangia kitabu ilikuwa na fonti yake, yenye herufi zote za Kinuer. Lakini ikikuta nyingine ya jina hilo kwenye kompyuta, hushika ile ya kompyuta. Na ya Jebet ilikuwa ya zamani, haina herufi hizo. Akaiondoa, akaizima mashine na kuiwasha, akachapa tena. Visanduku vilikuwa vimetoweka.

Mama hakutabasamu. Alisoma wimbo wa arobaini na moja wote, midomo ikitikisika, ndipo akamgeukia binti yake.

"Kosa la kuweka hiyo fonti limeondolewa kwa dakika kumi. Kunyamaza ndiko kulikoniumiza. Umeniacha nilitafute kosa lako ndani ya kazi yangu. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, mtu ajue pa kutafuta."

Kisha akamsogezea kiti mbele ya kompyuta. Nyimbo zilikuwa mia moja na kumi na mbili, na kila mmoja ulihitaji kukaguliwa kabla ya kuchapwa. Nyamal alifuta macho, akaanza na wa kwanza.