Mikono Kumi ya Kushoto

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha mbele ndicho duka, na ndicho sebule. Ukiingia angalia unapokanyaga, maana pini hazina adabu. Mume wangu ni fundi baiskeli, anafanya kazi barazani. Kati yangu na yeye anapitapita binti yetu wa miaka sita. Tunamwita Kidoti, kwa sababu ya doa dogo jeusi shavuni.

Mdomo wangu una kasi kuliko cherehani yangu. Nakiri mapema, usije ukasikia kwa majirani.

Asubuhi moja kazi zilinizidi. Nikamwita Kidoti. "Nenda chumbani, lete mkasi mkubwa, na uzi mweusi, na chaki ya bluu, halafu funga mlango, umwambie baba yako chai tayari, na njiani niokotee kile kitambaa!"

Akaenda mbio. Akarudi na mto wa kulalia.

"Mto wa nini?"

"Nimesahau ulichosema, mama."

"Lo! Mtoto wewe, kichwani umejaza pamba?"

Nikaendelea kushona. Kwangu yalikuwa yamekwisha.

Siku ya tatu nikamtuma tena. Hakuinuka. "Mtume baba," alisema. "Mimi kichwa changu kina pamba."

Baba yake akamwonyesha sare mpya ya shule. Shule ilikuwa ifunguliwe baada ya wiki tatu. Kidoti hata hakuigusa. "Siendi shule. Mwenye pamba kichwani hawezi kusoma."

Jamani, nilichomwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilimbembeleza, nikampa pipi, wapi!

Mume wangu akaja na dawa yake. "Dunia ya leo ni ya kompyuta. Mpe simu, akili itachangamka." Kidoti akatazama katuni za paka tangu asubuhi hadi mchana. Aliyechangamka ni paka.

Siku hiyo jirani yetu alikuja kubadilisha zipu. Yeye ni mwalimu wa chekechea. Nikamweleza yote, hata lile neno la pamba.

"Mwalimu, nimtafutie mtu wa kumfundisha kompyuta?"

"Kwanza mfundishe kufikiri kama mtu anayeipa kompyuta kazi," alisema. "Hapo huhitaji simu wala umeme. Unahitaji mchezo."

"Mchezo? Nina kazi mpaka shingoni, unaniambia nicheze?"

"Dakika kumi tu, Mama Kidoti. Inuka."

Akanisimamisha mlangoni. Akamwambia Kidoti, "Leo mama yako ni mashine. Mashine inafanya kile inachoambiwa, basi. Ipeleke mpaka kwenye kile kiti, ikae."

Kidoti akanitazama kwa shaka. "Mashine, kaa kwenye kiti."

"Mashine haijui kiti kiko wapi," alisema mwalimu.

"Basi, tembea."

Nikatembea. Hakuna aliyeniambia nisimame, kwa hiyo sikusimama. Nikaivaa meza ya kupigia pasi. Nguo zote chini! Mume wangu alicheka barazani mpaka spana ikamponyoka.

Kidoti akainamisha kichwa. "Nimekosea. Ni ile pamba."

"Hapana," alisema mwalimu. "Sisi hatumtafuti mtu. Tunaitafuta hatua. Hatua gani imeharibika?"

Mtoto akafikiri. "Sikumwambia atembee hatua ngapi."

"Haya, itengeneze."

Nikarudishwa mlangoni. "Mashine, tembea hatua tatu. Simama. Geukia dirisha. Tembea hatua mbili. Simama. Geuka unitazame. Kaa."

Nikakaa, barabara juu ya kiti.

"Imekaa! Mashine imekaa!" Kidoti aliruka. Tangu siku ya mto sikuwa nimesikia kicheko chake.

Mwalimu akanigeukia. "Umeona? Kazi kubwa ameikata vipande vidogo. Akavipanga. Palipoharibika akapatafuta, akapatengeneza. Wanaozipa kompyuta kazi hufanya hivyohivyo. Na wewe unaposhona gauni unafanya hivyohivyo. Lakini siku ile ulimpa mtoto kazi sita kwa pumzi moja. Hata mimi ningekuletea mto."

Nilikubali kosa. Si jambo la kila siku.

Tukafunga kamba ukutani. Kidoti akachora picha za asubuhi yake, akazibana kwa vibanio vya nguo: kunawa, mswaki, nguo, viatu, soksi, chai. Mdomo ulinifunguka kumwambia viatu havitangulii soksi. Mwalimu akanikanyaga mguu. "Mwache ajaribu."

Kesho yake akafuata picha zake. Akavaa viatu, kisha akahangaika kuvuta soksi juu ya kiatu. Akasimama. Akaitazama kamba. Akabadilisha vibanio mwenyewe, bila kuambiwa.

Tukanogewa. Alipanga vifungo: viwili vyekundu, kimoja cheupe, viwili vyekundu, kimoja cheupe. "Kinachofuata ni kipi, mama?" Ilinibidi nitafute kinachojirudia. Baba yake naye akafanywa mashine ya kupaka mnyororo mafuta. Akapaka mnyororo, akapaka usukani, akapaka na kiti, maana hakuambiwa aishie wapi.

Lakini nikigusia shule, Kidoti anatikisa kichwa. "Huu ni mchezo tu, mama. Shule ni ya wenye akili."

Ikabaki siku moja shule ifunguliwe. Mwalimu alikuwa ameniagiza magauni kumi ya kwaya ya watoto wa chekechea yake; yote nilishayashona, ilibaki mikono tu. Kitambaa kilikuwa na maua upande mmoja. Upande wa pili kilikuwa cheupe. Mimi nimezoea kitambaa cha sare, kisicho na nje wala ndani. Nikapanga tabaka kumi, maua yote juu, nikaweka karatasi ya kipimo, nikakata mikono kumi kwa mpigo mmoja. Kumi mingine ningekata baadaye.

Nikashona mkono wa kushoto. Safi. Nikashona wa kulia. Ukakaa mbele nyuma! Nikaugeuza, maua yakaingia ndani. Nikafumua. Nikachukua mkono mwingine. Yaleyale. Nikafumua tena, mpaka vidole vikaniuma.

Nikajipiga paji la uso. "Mimi nina kichwa gani? Nimejaza pamba!"

Kidoti akaacha vifungo vyake. Akaja mbele yangu, akashika kiuno.

"Hapana, mama. Hatumtafuti mtu. Tunaitafuta hatua."

Nikaliweka gauni chini.

"Kabla ya kushona ulifanya nini?" aliuliza.

"Nilibana kwa pini."

"Na kabla ya pini?"

"Nilikata."

Akatandika ile mikono sakafuni mmoja mmoja, maua juu. Akaipitia kwa kidole. "Huu unatazama mlango. Huu mlango. Huu mlango." Akafika mwisho. "Yote inatazama mlango, mama. Yote ni ya upande mmoja!" Akanyoosha mikono yake miwili. "Mikono yangu haifanani. Huu unatazama huku, huu unatazama kule."

Kweli tupu! Nilikuwa nimekata mikono kumi ya kushoto. Wa kulia haukuwapo hata mmoja.

"Basi nimeharibu kitambaa cha watu," nilisema.

"Hujaharibu. Magauni ni kumi. Mikono ya kushoto ni kumi, imetosha. Bado ya kulia." Akaichukua karatasi ya kipimo, akaipindua, upande wa juu ukalala chini, akaiweka kwenye kitambaa kilichobaki. "Sasa kata."

Nikakata. Nikajaribisha mmoja. Ukakaa kama umezaliwa na gauni! Nilipiga vigelegele, mume wangu akaingia mbio akidhani nimejikata kidole.

Jioni magauni kumi yalikuwa yananing'inia. Mwalimu akayakagua, akatabasamu. "Mama Kidoti, fundi wewe una kichwa!"

"Leo kichwa si changu," nilisema. Nikapiga magoti mbele ya binti yangu. "Mwanangu, nilikuambia neno baya. Nisamehe. Kichwani mwako hamna pamba."

Kidoti akajishika kichwa, akafikiri kidogo. "Najua, mama. Nimekagua."

Asubuhi ya shule niliamka na wasiwasi. Sikumwita, sikumsukuma. Nikatazama kamba. Kunawa, mswaki, nguo, soksi, viatu, chai. Baada ya chai kulikuwa na picha mpya, nyumba yenye kengele.

"Hii ni nini?" nilimuuliza.

Alikuwa amesimama nyuma yangu, amevaa sare. "Shule," alisema. "Leo wewe ni mashine, mama. Nishike mkono. Tembea."

Nikatembea, machozi yananitoka, wala sikuyafuta, maana sikuambiwa. Tulikwenda hivyo mpaka mlangoni mwa darasa.

"Simama," alisema Kidoti. Akauachia mkono wangu. "Hapa naingia mwenyewe."