Umeme Umekatika, Hewa Haijakatika

Karakana ya seremala mmoja ilikuwa nyuma ya nyumba yake. Watu walimwita Mbiombio, na jina lilimkaa sawasawa. Chai aliinywa amesimama. Kitanda cha siku tatu alitaka kukimaliza kwa siku moja. Mkewe ndiye aliyemshikia mbao, na ndiye aliyemtania.

"Taratibu, bwana. Hicho kitanda hakikimbii."

Mwezi huo Mbiombio alinunua bunduki ya misumari. Kompresa hujaza hewa kwenye tangi, hewa hupita kwenye mpira mrefu hadi kwenye bunduki, na msumari huzama kwenye mbao mara moja, pa! Kwenye mdomo wa bunduki kuna kinga. Usipoigandamiza kwenye mbao, msumari hautoki. Mbiombio aliona kinga inamchelewesha. Akaibana kwa kipande cha mpira, isirudi tena mahali pake. Jamani, mtu huyu!

Mchana mmoja msumari ulikwama. Papo hapo umeme ukakatika, kompresa ikanyamaza.

"Afadhali," alisema. "Sasa haina nguvu. Naichokonoa bila wasiwasi."

Akaipakata mapajani, akachukua bisibisi. Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio, kile kinachovutwa ili msumari utoke. Mbele yake mkewe alikuwa ameinama, anaokota randa.

Pa!

Msumari ulipita karibu na sikio la mkewe, ukazama mlangoni.

Mkewe alishika sikio. Halikuwa na damu. Mbiombio aliiweka bunduki chini, akamsogelea.

"Si umeme umekatika?" mkewe aliuliza.

Jirani yao, fundi wa matairi aitwaye Mama Pancha, alisikia ule mlio. Alikuja mbio, mikono imejaa grisi.

"Umeme umekatika, shemeji. Hewa haijakatika," alisema. "Tangi bado limejaa. Kila siku unaniona najaza matairi umeme ukiwa haupo. Ulidhani napuliza kwa mdomo?"

Mbiombio aliinamisha kichwa. Aliona kila siku, ila hakuwahi kufikiri.

"Mbao zako utashika mwenyewe," mkewe alisema, akatoka nje. Maneno hayo yalimuuma kuliko msumari.

Mama Pancha hakumwonea haya. Kwanza alichomoa mpira wa hewa kutoka kwenye bunduki. Fsss!

"Hili ndilo la kwanza, kabla hujagusa chochote. Unataka kuchokonoa, kujaza misumari, au hata kwenda kunywa maji? Chomoa mpira. Halafu mdomo wa bunduki utazame chini, usimtazame mtu. Na kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka unapopiga."

Alitoa misumari yote, akafungua mdomo wa bunduki, akavuta uliokwama kwa koleo. Kisha akakata kile kipande cha mpira.

"Na hiki? Kinga hii ndiyo inayokulindia mke, nawe unaibana! Isipocheza vizuri, usiitumie bunduki."

"Na mafuta ya bunduki je?" Mbiombio aliuliza kwa sauti ndogo.

"Asubuhi, matone machache ya mafuta yake, pale hewa inapoingilia. Jioni, ukishazima kompresa na kutoa hewa, fungua koki chini ya tangi, maji yanayojikusanya humo yatoke, lisioze kwa kutu. Na vaa miwani ya kazi. Macho hayauzwi dukani."

"Ahsante, Mama Pancha. Ahsante sana. Leo ningekuwa namlilia mke wangu."

"Usinishukuru mimi. Shika niliyokwambia."

Aliyashika. Wiki tatu alishika mbao peke yake, akizibana kwa jiriwa, kazi ikaenda kwa kujikongoja. Mkewe alipita mlangoni bila kuingia. Lakini alikuwa akitazama. Aliona miwani. Aliona matone ya mafuta.

Halafu siku moja msumari ukakwama tena, katikati ya kitanda. Mbiombio hakugusa bisibisi. Aliondoa kidole, akaelekeza mdomo chini, akachomoa mpira. Fsss! Akatoa misumari, akavuta uliokwama, akajaribu kinga kwa kidole gumba. Ilicheza vizuri. Ndipo akarudisha misumari na mpira.

Alipoinua kichwa, mkewe alikuwa ameshaingia. Amevaa miwani yake mwenyewe, na mikono yote miwili imeshika ubao.

"Haya, piga," alisema. "Ila taratibu."

Mbiombio alishukuru moyoni mpaka miwani ikaingia ukungu. Ikabidi asubiri kidogo.