Aliyewaita Ngamia wa Mume Wangu

Panga la kwanza lilimpata mume wangu begani. La pili shingoni.

Nilikuwa hatua thelathini tu, nimelala kifudifudi nyuma ya ua wa miiba, kiganja changu mdomoni mwa binti yetu Idman. Mtoto alining'ata mpaka damu ikatoka.

Sikutoa mkono...

Ilikuwa saa mbili asubuhi, huku kwetu Balambala. Maziwa bado yana povu mitungini. Wanaume watano, nyuso wamefunga vilemba.

Mume wangu Hared angeweza kukimbilia kwetu. Hakuja. Alikimbilia upande wa mto.

"Mwenye ngamia ni mimi," akawaambia. "Njooni huku."

Wakamfuata. Mengine mmeshayasoma hapo juu.

Mitandaoni waliandika "mfugaji auawa", basi. Sasa mimi mke wake, Sirad, niwaambie alikuwa nani.

Alikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kula. Akitoka malishoni miguu imechanika, bado ananichotea maji. Wenzake wakimcheka: "Warya, we Hared, kesho utavaa buibui?"

"Ikinitosha nitavaa," anawajibu, mtungi uko begani.

Idman alizaliwa na mguu umepinda. Kila Jumatano, kwa miezi mitatu, Hared alimbeba mpaka barabarani wapande gari la Garissa, abadilishwe plasta. Ngamia akiuzwa, pesa ni za kutibu mguu ule. Leo Idman anakimbia.

Turudi asubuhi ile.

Walipiga risasi moja hewani, ngamia wakatawanyika vichakani. Nikajua hawatawapata. Kwetu kila mchungaji ana wito wake, na ngamia hawamfuati mgeni. Wa Hared ulikuwa miluzi miwili mifupi, mmoja mrefu unaoshuka, kisha jina la Addey, jike mweupe anayeongoza.

Mmoja wa wale watano akapanda kichuguu.

Miluzi miwili mifupi. Mmoja mrefu, ukashuka.

"Addeeey..."

Ngamia wakatoka mmoja mmoja. Wakampita Hared pale chini. Wakamfuata yule mtu.

Wito ule ulijulikana na watu watatu. Hared. Mimi. Na mtu niliyemfundisha mimi.

Mvua zilizopita Hared alilazwa na malaria, siku nne hajitambui. Ngamia wako nje na mimi nina mgonjwa. Mdogo wake, Nunow, alitoka mjini kuja kumwona. Nikamfundisha wito, akawarudisha. Lakini Hared alishasema wito usitoke nje ya nyumba yetu. Alipopona nikamdanganya.

"Niliwarudisha mwenyewe," nikamwambia.

Akanitazama kidogo. "Asante, Sirad."

Siku ya saba ya msiba, Nunow akaja penye pazia la mlango wangu.

"Abaayo, dada yangu, siku ile ulisikia nini?"

"Nilisikia mume wangu akifa."

"Na baada ya hapo?"

Mkono wake ukapita kwenye pazia, ukanikaba koo mpaka nikaona giza.

"Ukisema, nitasema wewe ndiye uliyenifundisha, tena kwa siri. Wataamini tulipanga wote. Utaozea jela, na Idman nitamlea mimi." Akaniachia. "Eda ikiisha nitakuoa. Si ndiyo desturi? Ndugu anamwoa mke wa marehemu."

Nilikaa eda miezi minne na siku kumi. Kila siku alikuja kukaa uani, anampa Idman biskuti. Mimi natazama mikono yake tu.

Eda ikaisha. Wazee wakakaa, chifu yupo, mama mkwe wangu Hooyo Rukiyo yupo. Mzee Kulow akaniuliza, "Sirad, umemkubali Nunow?"

Idman alikuwa amekaa pembeni, biskuti mkononi.

"Simkubali. Aliyewaita ngamia siku ile ni yeye. Wito nilimfundisha mimi, nikamficha mume wangu."

Nunow akacheka. "Mmesikia wenyewe. Kama alinifundisha mimi kwa siri, amewafundisha majambazi wangapi? Mwanamke asiye na mpango anamficha mumewe kitu kama hicho?"

Watu wakaanza kuguna. Mwingine akatema mate karibu na mguu wangu. Nikajua nimekwisha.

Hooyo Rukiyo akainuka polepole.

"Hared alijua," akasema.

"Alipopona alienda malishoni, akakuta nyayo za viatu vya Nunow katikati ya nyayo za ngamia. Akaniambia, 'Hooyo, Sirad aliwaokoa ngamia wetu, halafu akaogopa kuniambia. Usimwambie najua, ataona haya.'"

Akamgeukia mwanawe. "Sikujua kwamba wauaji walitumia wito. Leo nimejua. Nunow, nimewazaa wote wawili. Niambie haukuwa wewe."

Nunow alichomoa kisu akanirukia mimi. Hooyo akaweka mkono. Kisu kikapita kwenye kiganja chake, kikatokea upande wa pili. Vijana wakamwangusha Nunow, fimbo zikamshukia mpaka kifundo cha mkono kikavunjika, chifu anawazuia hawasikii.

Uso uko mchangani, bado anaongea.

"Nilimwomba nusu ya ngamia. Nusu tu. Akasema hao ni mguu wa Idman..."

Polisi walimchukua akiwa hai. Ngamia kumi na mmoja walipatikana, Addey yumo. Hooyo vidole viwili havikunjiki tena. Anaishi na mimi.

Dada unayesoma, kama kuna mtu anakushika kwa siri yako, itoe wewe mwenyewe, mapema. Mimi nilikabwa miezi minne na kosa ambalo mume wangu alishanisamehe akiwa hai.

Jana Idman alipanda kichuguu. Meno ya mbele yameng'oka, mluzi unavuja upepo.

Addey akainua kichwa. Akaja.